Kadi ya Kijani ya Programu: Mwananchi na Hazina za Msimbo Huria

Mtu wa Mbumbuni anayenunua ploti sokoni au kipande cha shamba haridhiki na hati miliki peke yake. Hati ina muhuri na jina, lakini inaeleza tu mambo yalivyokuwa siku ilipotolewa. Mnunuzi mwangalifu hulipa ada, hufanya serchi katika ofisi ya ardhi, na akiweza huomba aonyeshwe kadi ya kijani. Humo ndimo mlimo na historia yote: nani alimiliki shamba kabla ya huyu anayeliuza, liligawanywa lini, lilichukuliwa mkopo mwaka gani na mkopo huo ukaondolewa mwaka gani. Wengi waliopoteza pesa kwa matapeli wa ardhi waliona hati. Kadi hawakuiona.

Somo la toleo hili linahusu kadi ya kijani ya aina nyingine. Siku hizi huduma nyingi za umma hupitia kwenye kompyuta kabla ya kumfikia mwananchi: stakabadhi ya ada ya soko, kumbukumbu za mgonjwa kliniki, orodha ya zabuni na malipo ya wakandarasi. Nyuma ya kila moja kuna programu, na programu hiyo ndiyo inayohesabu, inayokumbuka, na wakati mwingine inayokosea. Swali ni hili: mkazi anaweza kuangalia jinsi ilivyoandikwa na jinsi ilivyobadilishwa? Kwa programu nyingi jibu ni hapana. Kwa zile zinazoitwa programu huria jibu ni ndiyo, tena bila ada, na ni wachache kati yetu wanaolijua hilo.

Msimbo, leseni na hazina

Kila programu imeandikwa na watu. Mistari ya maagizo waliyoiandika huitwa msimbo. (Vijana husema "kodi", lakini neno hilo tumewaachia watoza ushuru wa soko, tusije tukawatia wasomaji wasiwasi bure.) Programu inapofika kwenye simu yako, mara nyingi msimbo umeshageuzwa kuwa lugha ya mashine. Utaitumia, lakini hutaweza kuisoma. Ni kama unga uliokwisha kusagwa, na sisi wa Ukambani tunajua vizuri kwamba ukitaka kujua kama mahindi yalikuwa na ukungu, unayaangalia kabla ya kuyapeleka posho mili.

Programu huria ni ile ambayo wenyewe wametoa msimbo wake pamoja na leseni inayomruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuwapa wengine. Leseni ndiyo msingi. Msimbo ulioachwa wazi bila leseni unaweza kuusoma, lakini huna ruhusa ya kuutumia upya, kwa sababu hakimiliki bado ni ya aliyeuandika.

Kisha kuna hazina, ambayo wataalamu wetu huiita ripo. Hapa ndipo msimbo unapotunzwa wakati unaendelea kuandikwa. Hazina haihifadhi tu msimbo wa leo. Inahifadhi kila badiliko lililofanywa tangu mradi uanze: mstari gani uliondolewa, upi ukaingizwa, jina lililoandikwa kuwa la mfanyaji, siku na saa, na maelezo mafupi ya sababu. Ndiyo maana tunaifananisha na kadi ya kijani. Toleo la programu unaloliweka kwenye kompyuta ni hati. Hazina ni kadi.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mradi unaweza kutoa msimbo wa kila toleo kwa uhuru kabisa huku hazina yake ikiwa imefungwa. Hapo unaona mwanzo na mwisho, ila safari ya katikati umefichwa. Kasoro ikiingia kati ya toleo moja na jingine, huwezi kujua iliingia siku gani, pamoja na badiliko gani, wala kama kuna mtu aliyeuliza swali akapuuzwa.

Mlango ulivyofunguliwa

Zamani hazina zilizofungwa zilikuwa jambo la kawaida, hata kwa watu waliojiita wapenda uhuru. Mwishoni mwa mwaka 1994 Theo de Raadt, mwandishi wa programu anayeishi Kanada, alitakiwa kuondoka katika kundi kuu la mradi wa NetBSD baada ya mzozo na wenzake. Akapoteza ruhusa ya kuingia kwenye hazina ya mradi ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuanzisha. Alichobaki nacho ni kile ambacho mtu yeyote wa nje angepata. Mwaka 1995 alianzisha mradi wake, OpenBSD, na yeye pamoja na Chuck Cranor wakafanya jambo ambalo wakati huo halikuwa desturi: waliweka seva iliyomruhusu mtu yeyote duniani kuingia kwenye hazina bila jina na bila nywila, asome msimbo wa siku ile na historia yake yote. Kuandika hakuruhusiwa. Kusoma ilikuwa ni ruhusa kwa wote.

Ugomvi wao hautuhusu. La kujifunza ni kwamba aliyefungiwa nje ndiye aliyetambua thamani ya mlango. Miradi mingine iliiga, na baada ya miaka michache mradi huria wenye hazina iliyofungwa ukaanza kutiliwa shaka.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 2005. Waandishi wa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani na ulio ndani ya kila simu ya Android, walikuwa wakitumia chombo cha kampuni binafsi kutunza hazina yao. Chombo hicho kiliitwa BitKeeper, nao walipewa bila malipo kwa masharti. Ruhusa hiyo ilipoondolewa, Linus Torvalds aliandika chombo kipya, Git, mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Katika Git, kila anayenakili hazina anapata historia yote, si ukurasa wa mwisho tu. Kila badiliko hupewa namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na namba ya badiliko lililotangulia. Mtu akibadilisha kwa siri jambo la mwaka juzi, namba zote zilizofuata hubadilika, na wenye nakala za zamani wataona kwamba hesabu haziafikiani. Hebu fikiria kama kila jirani wa shamba angekuwa na nakala kamili ya kadi ya kijani nyumbani kwake. Karani wa kuchomoa ukurasa angekuwa na kazi ngumu.

Hapa kwetu

Kenya haikukaa nje ya mambo haya. Mjini Eldoret, chini ya ushirikiano wa AMPATH kati ya Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani, wagonjwa wa virusi vya ukimwi waliongezeka haraka kiasi kwamba mfumo wa awali wa kumbukumbu, ulioanzia katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001, haukuwatosha tena. Kuanzia mwaka 2004 wataalamu waliotembelea Eldoret walianza kubuni mfumo mpya pamoja na wenzao, na mwezi wa Februari 2006 ukaanza kutumika huko. Jina lake ni OpenMRS. Uliwekwa huria, na hivi leo hospitali za nchi nyingi zinautumia. Juu ya msingi huo ndipo ulipojengwa KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, hasa kliniki za tiba ya virusi vya ukimwi. Msimbo wa mifumo hiyo miwili uko katika hazina za wazi.

Mfumo unaokusanya takwimu za afya za taifa, ambao vituo vyetu huujaza kila mwezi, umejengwa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Na Ushahidi, iliyoanzishwa Januari 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi ili wananchi waripoti matukio kwa simu, msimbo wake ulitolewa kwa wote na ukatumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Makueni nayo ina lake. Mwaka 2019 Serikali ya Kaunti ilizindua tovuti ya zabuni za wazi kwa ushirikiano na mashirika ya Hivos na Development Gateway. Tovuti hiyo hufuata kiwango cha kimataifa cha takwimu za zabuni kiitwacho kwa kifupi OCDS, na inamwezesha mkazi kufuatilia mradi kuanzia mpango, zabuni, hadi mkataba na utekelezaji.

Hapa ni vyema kutofautisha uwazi wa takwimu na uwazi wa msimbo, kwa maana watu huviona kama kitu kimoja. Chukua mfano wa kubuni. Kamati ya mradi inajumlisha kwa kalamu mikataba yote ya wadi yake na kupata shilingi milioni 46. Tovuti fulani inaonyesha jumla ya milioni 40. Kosa liko wapi? Takwimu zikiwa wazi, kamati itazipakua na kuangalia kama kuna mkataba ambao haukuingizwa. Ikiwa mikataba yote imo na jumla bado ni milioni 40, kosa liko kwenye hesabu yenyewe. Huenda programu inaacha mikataba ambayo tarehe yake haikujazwa. Jambo hilo halionekani kwenye takwimu. Linaonekana kwenye msimbo, na historia ya hazina itakuonyesha kama hesabu ilikuwa hivyo tangu mwanzo au ilibadilishwa baadaye.

Kusoma si kuandika

Swali ambalo huulizwa mapema kila tunapofundisha somo hili ni hili: "Kama kila mtu anaweza kuingia, si mtu mbaya atakuja kuharibu?" Jibu ni kwamba ruhusa ya kusoma na ruhusa ya kuandika ni vitu viwili. Ukifanya serchi unaona rejista, lakini huwezi kushika kalamu ukaandika jina lako. Kwenye hazina ni hivyohivyo: yeyote anasoma, wachache walioaminiwa ndio wanaoandika.

Lakini wa nje ana njia ya kuchangia, na hapa mfano wa ardhi unatuacha. Mfano bora ni mwethya. Wakati wa kuchimba matuta ya fanya juu, yeyote mwenye jembe anakaribishwa, lakini kuna mtu mmoja aliyepima mteremko na kuchora mstari, na asiyefuata mstari huambiwa arudi nyuma. Kwenye hazina, mchangiaji hunakili msimbo, hurekebisha nakala yake mwenyewe, kisha hupeleka pendekezo. Watunzaji wa mradi hulisoma mstari kwa mstari, huuliza maswali, na hulikubali au kulikataa. Majadiliano hayo pia hubaki hapo, wazi kwa msomaji wa kesho.

Msichana aliyemaliza chuo cha ufundi na yuko nyumbani Kisau akisubiri kazi anaweza kupendekeza tafsiri sahihi ya Kiswahili au kurekebisha kosa dogo katika OpenMRS, na kazi yake ikakaa hapo na jina lake na tarehe. Mwajiri akitaka kuona anachokiweza, ataonyeshwa. Binafsi naona hiyo ni barua ya sifa yenye nguvu kuliko vyeti vingi vya semina za siku mbili.

Jinsi ya kuangalia

Huhitaji kompyuta kubwa. Simu yenye intaneti inatosha kuanza, ingawa kioo cha kompyuta katika kituo cha habari za jamii hurahisisha kusoma. Hazina nyingi huwekwa kwenye tovuti ya GitHub, iliyoanza mwaka 2008. Kwa kusoma huhitaji kujiandikisha wala kutoa nywila. Tafuta GitHub pamoja na neno OpenMRS, kisha ufungue hazina inayoitwa openmrs-core.

Utaona orodha ya mafaili na mafolda. Chini yake kuna faili la maelezo liitwalo README, na hapo ndipo pa kuanzia, maana huandikwa kwa lugha ya watu. Tafuta leseni, kwa kawaida katika faili lenye jina LICENSE. Ikikosekana, kuwa mwangalifu kabla ya kuuita mradi huo huria. Kisha bonyeza palipoandikwa Commits. Hiyo ndiyo kadi ya kijani yenyewe: orodha ya mabadiliko kuanzia la karibuni. Gusa badiliko moja na utaona mistari iliyoondolewa kwa rangi nyekundu na iliyoingizwa kwa kijani. Hata usipojua kuandika programu, utaelewa tarehe, maelezo, na kama kuna mtu anayeshughulika. Hazina ambayo haijaguswa kwa miaka minne ni kama boma lenye nyasi mlangoni. Huenda wenyewe wamehama.

Baadhi ya miradi huweka malalamiko na maswali palipoandikwa Issues, na mingine hutumia tovuti tofauti ambayo README itakutajia. Soma hapo kabla ya kulalamika kwamba kitu fulani hakifanyi kazi, kwani mara nyingi mtu mwingine ameshaliuliza swali lako.

Jambo moja la tahadhari: jina linaloandikwa kwenye badiliko hujazwa na mwandishi mwenyewe. Si kitambulisho cha taifa. Tutaona hivi punde kwa nini hilo ni muhimu.

Programu isiyo na kadi

Kabla ya kazi hii niliajiriwa katika ofisi nyingine, ambayo nitaiacha bila jina. Tulikuwa na programu ya kutoa stakabadhi, tuliyoundiwa na fundi mmoja hodari. Ilifanya kazi vizuri kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu ikaanza kuhesabu baadhi ya malipo mara mbili, si yote, ila yale ya siku za mwisho wa mwezi. Fundi alikuwa ameondoka nchini na simu yake haikupatikana tena. Tulikuwa na hati, yaani programu yenyewe kwenye diski. Msimbo hatukuwa nao, hazina hatukuwahi kuiona, na mkataba haukutaja lolote. Fundi mwingine aliangalia, akatikisa kichwa, akatushauri tununue programu mpya. Kwa wiki saba tulinakili malipo ya miaka mitatu kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi. Mteja mmoja aliyeonekana kama mdaiwa kumbe alikuwa amelipa zamani, na aliaibishwa mbele ya watu kwenye foleni. Mpaka leo nikikutana naye naona haya.

Katika hazina ya wazi, fundi wa pili angefungua historia, angetafuta badiliko lililogusa hesabu za mwisho wa mwezi, na huenda angemaliza kazi siku hiyohiyo.

Hatari hiyohiyo ipo kwa mifumo mikubwa. KenyaEMR imetegemea sana fedha za wafadhili wa Marekani, na Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje. Seva zinahitaji umeme na wataalamu wanahitaji mishahara. Uwazi wa msimbo haulipi hata kimoja cha hivyo. Lakini msimbo uliowekwa wazi hauondoki na mfadhili. Atakayeendeleza kazi hahitaji kumbembeleza mtu ampe funguo.

Nusu sekunde

Je, uwazi huzuia uovu? Si mara zote, na ni vyema tuseme ukweli. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo katika mifumo mingi ya Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Alifanya kazi nzuri, akazoeleka, na hatimaye akapewa ruhusa ya kuandika na kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, aliingiza mlango wa siri ambao ungempa mwenye ufunguo wake uwezo wa kuingia katika seva za watu.

Alifanyaje bila kuonekana? Sehemu kubwa ya hila hiyo aliificha ndani ya mafaili ya majaribio yaliyomo kwenye hazina, ambayo hayasomeki kwa macho. Lakini kile kipande cha kuiamsha hakukiweka kwenye hazina. Alikiweka tu kwenye furushi la toleo ambalo watu hupakua. Yaani hati ilikuwa na kitu ambacho kadi haikuwa nacho.

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft, alitangaza alichokigundua. Alikuwa akipima mambo mengine kabisa, akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia. Kwa kuwa msimbo, furushi na historia vyote vilikuwa wazi, aliweza kuvilinganisha yeye mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu, na baada ya tangazo lake wengine duniani wakachambua kila badiliko la Jia Tan tangu siku ya kwanza. Matoleo yale yaliondolewa kabla ya kuenea katika seva nyingi. Jia Tan ni nani hasa, umma haujaambiwa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha pande zote mbili. Hazina ya wazi haikumzuia tapeli kuingia, kwa kuwa waliokuwa wakiiangalia walikuwa wachache mno. Ila ilifanya iwezekane kwa mtu wa nje kumkamata, na kupima ukubwa wa madhara ndani ya siku chache.

Visivyowekwa hapo

Wakazi huingiwa na hofu wakisikia kwamba mfumo wa kliniki uko wazi. Kilicho wazi ni msimbo, yaani namna programu inavyofanya kazi. Jina lako, vipimo vyako na dawa zako hazimo kwenye hazina na hazipaswi kuwamo kamwe. Hizo hukaa kwenye seva za kituo au za mfumo husika na hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nywila pia hazipaswi kuwekwa hapo. Mwandishi akiiweka nywila kwa bahati mbaya kisha akaifuta, bado itabaki kwenye historia, kwa hiyo dawa yake ni kuibadilisha mara moja. Tunawakumbusha hasa vijana wanaojifunza: msijaribu programu zenu kwa majina ya wagonjwa au wateja wa kweli.

Lini na vipi uulize

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu wake. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 6, inaruhusu ofisi kukataa ombi ikiwa habari hizo zitadhuru maslahi ya kibiashara, pamoja na hakimiliki. Maana yake ni hii: ukisubiri mpaka programu inunuliwe kutoka kwa kampuni inayoshikilia msimbo wake, kisha ndipo uombe kuuona, unaweza kukataliwa kihalali. Wakati wa kuuliza ni kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Ndiyo maana tunawashauri wakazi waulize katika mikutano ya ushirikishwaji wa umma, kuanzia kijiji hadi wadi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo maoni yanahitajika kabla ya tarehe hizo. Ukisikia fedha zimetengwa kwa ajili ya mfumo wowote wa kompyuta, uliza: msimbo utakuwa wa nani mkataba ukiisha? Una leseni gani? Hazina itakuwa wapi, na nani atakuwa na ruhusa ya kuandika? Kampuni ikifungwa, nani ana nakala yenye historia yote? Na usikubali jibu la "ni siri ya usalama" kwa maswali yote manne. Nywila ni siri. Jina la leseni si siri.

Kwa programu ambayo tayari inatumika, andika ombi kwa afisa wa habari wa ofisi husika ukitaja programu na unachotaka kuona. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na sababu zako za kuomba haziwezi kutumiwa kukunyima haki hiyo. Asiyejua kuandika ana haki ya kusema kwa mdomo na afisa amwandikie. Ombi lenyewe halina ada, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21 tangu kulipokea, na usiporidhika unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana na wengi kama Ofisi ya Ombudsman. Hakikisha nakala yako inapigwa muhuri wenye tarehe siku unapoipeleka, kwa sababu siku hizo 21 zitahesabiwa kuanzia hapo.